Maua Yaliyonukia Karafuu

Safari ile ilikuwa ya watu wawili. Mwanetu alitukatia tiketi mimi na mama yake, tukamtembelee mjukuu wetu wa kike anayesoma Japani, tufike maua ya sakura yakiwa yamechanua. Magoti ya mke wangu yakakataa. Daktari alimkataza kukaa kwenye ndege saa zote zile, na yeye, ambaye hajapata kumtii mtu upesi namna ile, akanigeukia palepale.

"Maalim, utakwenda peke yako. Ila picha sitaki. Picha watoto wananiletea mpaka za chakula wanachokula. Mimi niletee harufu."

"Harufu nnaibebaje?"

"Hayo yako. Umesoma vitabu vyote hivyo."

Mke wangu ni mtu wa pua. Nyumbani kwetu Ghubra, huku Omani, ukishuka tu kwenye gari unajua leo amefukiza nini. Mafuta ya kujipaka hanunui dukani. Huchanganya mwenyewe kama alivyofundishwa na bibi yake Unguja, na hajapata kumwambia mtu vipimo. Dada yake mkubwa ameiwinda siri hiyo tangu sote tuna meno. Kwa mtu kama huyo ua ni harufu kwanza, rangi ni nyongeza. Kwa hiyo nilijua nimepewa amana, na kwamba haiwezi kununuliwa uwanja wa ndege dakika ya mwisho.

"Mtaa mzima wa Bustan upo hapo nyuma ya mlima," dada mtu alisema siku ya kuniaga, "na wewe, Shemeji, unavuka dunia kutafuta bustani!"

"Hiyo ya hapa nimeshaimaliza," nikamwambia.

Bustani yenyewe, aliyonipeleka mjukuu wangu huko Japani, ilikuwa ya mtawala mmoja wa kale. Ina ziwa dogo, daraja la jiwe, na mawe yaliyoota kijani kwa kukaa. Miti mizee imewekewa nguzo chini ya matawi, kila mmoja na mkongojo wake, nami nikaisalimia moyoni kama marika zangu. Maua yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyodondokewa na tone la sharbati. Nikashukuru kwamba Mola amenifikisha, nikaanza kazi.

Watu wote walikuwa wakipiga picha. Mimi nilisogelea tawi lililoinama, mikono nyuma kwa kuwa kugusa hakuruhusiwi, nikafumba macho, nikavuta pumzi. Subhanallah! Nikatoa simu, nikamrekodia mke wangu sauti palepale.

"Bibi we, laiti ungekuwepo! Yananukia waridi, na udi kwa mbali, na msandali, na chini kabisa, wallahi, karafuu. Karafuu, Japani! Mwenyezi Mungu hashindwi na kitu."

Nikaenda mti wa pili, harufu ile ile. Wa tatu, ile ile. Nikasema moyoni, hawa watunzaji wao si mchezo.

Bibi mmoja wa Kijapani, mtu mzima kama mimi, alikuwa akinitazama. Akasogea, akainama kwa adabu, nami nikaweka mkono kifuani. Akanusa lile tawi, akatikisa kichwa. Akanusa tena. Kisha pua yake ikaliacha tawi, ikaja taratibu hewani kama paka aliyesikia samaki, ikasimama shubiri moja mbele ya kifua changu. Akamwambia mjukuu wangu neno, na mjukuu akashika tumbo kwa kicheko.

"Babu, anauliza mafuta yako unanunua wapi."

"Mafuta gani?"

"Furakha, Babu! Unanusa furakha yako mwenyewe!"

Furakha ni kile kishada cha nyuzi kinachoning'inia shingoni mwa kanzu zetu za Kiomani, na desturi ni kukitia mafuta mazuri. Kila nilipoinama, kilifika puani kabla ya ua. Nikakitumbukiza ndani ya kanzu, nikakiziba kwa kiganja, nikanusa upya. Hamna kitu. Mchele mkavu unanukia kuliko yale maua.

"Sakura hazina harufu ya maana, Babu. Kila mtu anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi."

Nikakaa kwenye benchi. Watoto niliowafundisha Kur'ani wote walianza na somo la kuchunga ulimi. Nnajua kwamba kiapo cha mtu aliyedhani anasema kweli hakimfungi, na nikajituliza kwa hilo. Lakini mke wangu aliomba kitu kimoja tu, nikamwambia kipo, na kumbe hakipo.

"Okota yaliyoanguka," mjukuu akanong'ona, "yasugue kwenye furakha, umpelekee. Nani atajua?"

"Mimi."

"Na mimi. Wawili tu."

"Na wa tatu wetu?"

Akainua macho mbinguni. Simu ikalia, sauti ya mke wangu: "Nimemsikilizisha dada, na dada kawasikilizisha wenziwe wote. Ghubra nzima inakusubiri. Endelea kunusa!"

Mjukuu alimwuliza mlinzi kama naweza kuokota petali zilizoanguka njiani, naye akaruhusu. Nikazifunga katika leso yangu, kavu, bila tone la kitu.

Nilipofika nyumbani hata viatu sijavua.

"Mke wangu, nna la kusema."

"Nnalijua. Ulipotaja waridi nikasema labda. Ulipotaja udi nikaanza kucheka. Ulipofika kwenye karafuu nikasema, ewe Mola, mume wangu yumo ndani ya bustani ya Wajapani, ananinusa mimi! Kanzu zile nani alizitia mafuta?"

"Na mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi." Akaichukua leso, akaitia kwenye sanduku la nguo zake. "Niliagiza harufu ya huko. Nimepata habari kwamba yangu imefika."

Ijumaa dada yake akaja. Mke wangu akaitoa leso sandukuni, akaiweka kwenye sinia pembeni ya kahawa na halua. "Nusa," akasema, na hakuongeza neno.

Dada mtu akanusa, akafumba macho. "Allah! Waridi. Udi. Na karafuu hiyo, kama alivyosema!"

Ulimi ukaniwasha. "Shemeji, maua haya hayana harufu. Niliyoisifu ilikuwa ya furakha yangu. Na hii ni ya sanduku la mdogo wako."

Akanitazama kwa huruma. "Maskini Shemeji. Pua ndiyo inayotangulia. Mpe halua, labda ulimi bado upo."

Kisha akamgeukia mdogo wake. "Hii ndiyo harufu, bibi. Karafuu imetiwa kwa kiasi. Wewe yako unaijaza mpaka mtu anapiga chafya."

Mke wangu akanigeukia. Alitaka nimsaidie kusema. Mimi kweli yangu nilikwisha kuisema. Nikachukua kipande kikubwa cha halua.