Mzee wangu alivyofukuza asali ya mahari yangu

Wakuu, habari za mihangaiko. Leo nawapa yangu, na chumvi nimeiacha jikoni.

Ni enzi za chama kimoja, mimi kijana wa Eldoret. Nimepata mchumba, Nyambura, wa Moi's Bridge. Babake akasema kabla ya kutaja mbuzi hata mmoja, aone asali. Tena si ya kununua, itoke mzinga wa kwetu.

Zamani ingekuwa pombe ya asali, lakini ilishapigwa marufuku na chifu hakuwa na mchezo.

Bila asali, hakuna mazungumzo. Mnaona stress yangu?

Nyuma ya nyumba tulikuwa na mzinga mmoja wa gogo. Shida ni Mzee wangu, fundi wa nguo, mtu asiyejua kutulia. Kila jioni akifunga duka anawasha mavi makavu ya ng'ombe, anapuliza moshi, anafungua.

"Bado kidogo."

Kesho tena.

Ilikuwa January, kiangazi, maua hakuna, vumbi tupu. Nyuki wakali.

Mama akamwambia, "Hao nyuki umewachosha. Si uwaache wafanye kazi?"

"Nachungulia tu!"

Wiki ya kwenda ukweni, mzinga ukanyamaza. Nyuki walikuwa wamekula asali yote wakahama. Masega makavu. Jamani, nililia.

Mzee akafunga ule mzinga mtupu kwa kamba, tukaubeba hadi Moi's Bridge. Mbele ya wazee akasimama:

"Asali ilikuwepo. Nimeifukuza mimi kwa kuchungulia kila jioni, nikiogopa mtamnyima kijana wangu mke."

Babake Nyambura anaangalia mzinga, mimi naangalia mlango.

Aliyecheka kwanza ni mamake Nyambura. "Tundikeni hapa kwetu. Nyuki watakuja. Lakini huyu mzee asiusogelee!"

Babake naye akacheka. Mbuzi wakaanza kutajwa.

Asali ya kwanza ilitoka tulipompeleka mtoto wetu kuona nyanya yake. Mzee wangu aliletewa yake kwa kijiko, akiwa amewekwa mbali huko getini.

Funzo? Subira huvuta heri, mnaijua. Mimi bado inanishinda. Nikianza kuzunguka nyumba usiku kwa wasiwasi, Nyambura huniambia tu, "Baba, funika mzinga."

Wewe ni kitu gani ulichungulia mpaka kikahama? Tupia hapo chini.