Mchicha wa Uani kwa Fundi Betri

Mama Miche alipata jina hilo baada ya kufiwa. Mumewe alikuwa fundi betri. Kwa miaka kumi na minane alipasulia betri kuukuu za magari uani, nyuma ya nyumba, akimwaga maji yake makali ardhini, mpaka mikono ikaanza kumtetemeka na tumbo kumsokota. Alipozikwa, mjane alifagia ua, akainua matuta, akaanza kuotesha miche ya nyanya ya kuuza. Pembeni alipanda mchicha wa kula yeye na kitindamimba wake, binti wa miaka minane.

Mchicha ulivumilia. Nyanya ziligoma. Zikitoa majani mawili tu, zinageuka manjano. Ukizing'oa, mizizi mifupi, myeusi kama njiti zilizoungua. Majirani wakasema kijicho. Yeye akamwita mtoto wa dada yake, mpimaji udongo.

"Mama mdogo, udongo huu umejaa risasi," mpwa alisema aliporudi na majibu.

"Risasi? Kwani hapa walipigana vita?"

"Ya betri, si ya bunduki. Na sumu nyingine iitwayo kadimi."

Mama Miche alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Wakajaza makopo ishirini udongo uleule. Mengine wakayatia chokaa na zinki kidogo, madini ambayo mmea huyahitaji, mengine wakayaacha vivyo hivyo, kisha wakapanda nyanya katika yote. Mpwa alieleza kwamba mche wenye njaa hunyonya chochote kinachofanana na chakula chake, hata sumu. Ukishiba, hunyonya sumu kidogo. Wiki ya tatu, miche ya chokaa na zinki ilisimama wima, kijani kibichi. Mama Miche aliwaita majirani waje kujionea wenyewe.

Mpwa alikata majani ya miche ile na ya mchicha, akaenda kuyapima. Aliporudi alikataa kiti.

"Sumu imepungua, haijaisha. Mche umepona, lakini mlaji hajapona. Na ule mchicha ndio umezidi, mama mdogo. Mmeula muda gani?"

"Miaka miwili."

Damu ya mtoto ilipopimwa, risasi ilikutwa humo. Ndipo Mama Miche alipokumbuka tumbo lililokuwa likimuuma mtoto kila mara, mwalimu alivyolalamika kwamba hashiki herufi, na yeye alivyomchapa akimwita goigoi. Aling'oa kila kitu, hata ile miche iliyonona, akilia bila sauti. Hakujua amlaumu nani. Marehemu alikuwa akiwatafutia riziki. Yeye alikuwa akimlisha mwanawe.

Wakahamia chumba cha kupanga mtaa wa pili, anakootesha miche kwenye mifuko ya udongo wa kununua. Tumbo la mtoto limetulia. Kuhusu kichwa, daktari hakumficha: kilichopotea huenda kisirudi chote. Kila alasiri Mama Miche huketi naye mkekani na kitabu cha darasa la kwanza, wakifuata maneno kwa kidole. Wiki hii yote wamekuwa kwenye mstari mmoja.