Meli ya Wake Wanne

Sisi tuliosoma kabla mashamba ya Nyamira hayajajua chai, darasa zima tulikuwa na kitabu kimoja. Tulikaa tumekizunguka pande zote, ndiyo maana mpaka leo wako wenzangu wanaoweza kusoma maandishi yakiwa kichwa chini miguu juu bila kukunja uso. Wajukuu wangu wakisikia hivyo hucheka. Wacheke tu. Wao wana begi la vitabu linalowapinda mgongo, na ukiwauliza walichosoma leo wanakwambia, "Nimesahau, nyanya."

Shule yetu ilikuwa upande wa Ekerenyo, kuta za udongo, paa la nyasi. Asubuhi tulipita kwenye umande uliotufika magotini, tukiwa na kiazi kitamu cha jana mfukoni na ladha ya uji wa wimbi bado mdomoni. Mvua ikinyesha, tulikata jani la mgomba, tukajifunika wawili wawili, na kila mmoja alifika shuleni akiwa amelowa bega moja. Maji mengi tuliyoyajua yalikuwa ya mto. Wakubwa wetu waliowahi kusimama juu ya ukingo wa Manga walisema ukitazama mbali utaona ziwa, linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Bahari tuliisikia kwa baba mdogo tu.

Baba mdogo Nyakundi alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya kina baba. Alikwenda vitani kijana, akarudi na koti zito la kijeshi, ambalo alilivaa hata jua likiwa utosini, na hadithi za meli. Loo, hadithi hizo! Alisema meli iliyowabeba kutoka Mombasa ilikuwa ndefu kuliko soko, ndani yake mna ngazi kama za kupanda mlima, tanuri za mikate, na chumba cha kulia kikubwa kuliko kanisa letu. Hapo watu walivumilia. Lakini aliposema kwamba chini kabisa, tumboni mwa meli, kulikuwa na bwawa la kuogelea, watu walishika mbavu.

"Yaani," baba yangu alimwuliza, "maji yako nje, na nyinyi mkaingiza mengine ndani? Nyakundi, mdomo wako hauna breki."

Mwaka wa kwanza ulikuwa utani. Wa pili, mtu yeyote aliyetilia chumvi habari aliambiwa, "Hilo ni bwawa la Nyakundi." Baba mdogo alicheka pamoja na watu, lakini mimi niliyempelekea chai niliona alivyobaki akitazama kikombe wenzake wakishaondoka.

Shida yenyewe ilikuja alipotaka kuoa. Alimpenda Kwamboka, binti wa Mzee Otwori wa Magwagwa, na Kwamboka alimpenda yeye. Hilo peke yake halikutosha. Kwetu alikuwapo esigani, mshenga ambaye kazi yake hasa ni upelelezi: anauliza majirani kama ukoo ni safi, kama ng'ombe wapo kweli, kama kijana ni mlevi au mgomvi. Esigani wa upande wa Kwamboka alikuwa mama mmoja mkavu anayeitwa Moraa, macho kama ya kunguru, hahongwi hata kwa kuku. Alizunguka kwetu, akarudi kwa Mzee Otwori na kusema: ng'ombe wapo, ukoo hauna doa, lakini kijana ni mwongo, anasema kuna bwawa ndani ya meli.

Mzee Otwori akatoa neno lake. "Anayedanganya bila kuulizwa, siku akiulizwa itakuwaje?" Akasema atangoja mpaka wimbi livunwe, kisha atampokea karani mmoja wa Suneka ambaye naye alikuwa ametuma watu. Karani huyo alikuwa na baiskeli na hakuwa na hadithi yoyote.

Baba mdogo aliacha kuvaa koti. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Basi, wiki hizo hizo, mzungu wa misheni alikuwa akifungasha virago kurudi kwao. Mzee yule alipenda meli kupita kiasi, na rafu yake nzima ilikuwa na vitabu vya picha vya meli kubwa za abiria. Akatoa habari kwamba kila shule ya karibu itume watoto wachague vitakavyoenea katika kikapu kimoja, visizidi ukingo. Mwalimu wetu Ombati, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiota kuwa na kabati la vitabu na tayari alishatengeneza moja kwa mbao za sanduku la sabuni, alitupanga mstari Jumapili asubuhi. Mimi nilibebeshwa kikapu, kile kikubwa cha wimbi, kwa kuwa kilikuwa cha mama.

Sijawahi kuona furaha kama ile. Vitabu vilitandazwa kwenye veranda, vinanuka karatasi na dawa ya mchwa. Tulipiga magoti, tukafungua kwa ncha za vidole, maana mwalimu alikuwa amekagua kucha zetu. Meli nyeusi, meli nyeupe, meli zilizopigwa picha kwa mbele mpaka ukarudi nyuma usikanyagwe. Na mabomba ya moshi! Hapo ndipo elimu yetu ilipojitokeza. Kwetu, mwanamume mwenye wake watatu ana nyumba tatu, kila mke na jiko lake, na ukisimama mlima wa pili asubuhi unahesabu moshi ukajua utajiri wa mtu. Sasa meli ina mabomba mawili: nahodha ana wake wawili. Mabomba matatu: watatu. Hakuna aliyetufundisha hivyo na hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Tulichagua kwa kanuni hiyo, tukiwahurumia manahodha wa bomba moja.

Onsongo, kijana mwenye sauti kuliko sisi wote, akapiga kelele. Alikuwa ameipata yenye mabomba manne.

"Wake wanne! Huyu ni chifu wa bahari!" Darasa zima likamrukia. Kitabu kikaingia kikapuni kwa shangwe, kipana, kikizuia nusu ya nafasi, na vidogo vikapangwa juu yake. Mwalimu akasema sasa yatosha.

Mimi nilikuwa bado pembeni, na kitabu ambacho hakuna aliyekitaka. Jalada lilikuwa limeliwa na mchwa, na mbele hakikuwa na meli hata moja. Lakini nilikuwa nimefungua katikati. Kulikuwa na chumba chenye nguzo, ngazi za kushukia, na maji. Bwawa. Watu wanaogelea ndani ya meli. Bwawa la Nyakundi, haki ya nani!

"Mwalimu, na hiki."

"Hakiingii, Kerubo. Labda utoe kile kikubwa."

"Utoe meli ya wake wanne?" Onsongo alinikodolea macho kana kwamba nimemtukana mama yake.

Nikalia. Sikupanga kulia, yalikuja yenyewe. Nikasema yote hadharani: esigani, Mzee Otwori, karani na baiskeli yake. Mwalimu Ombati, ambaye naye alikuwa fundi wa kusema "bwawa la Nyakundi", alichukua kitabu akakitazama. Kisha akasema kabati ni la watoto, waamue watoto.

Onsongo akawaza. "Harusi hiyo itakuwa na nyama?"

"Ng'ombe mzima," nikasema, mimi msichana wa miaka kumi nisiye na hata kifaranga. "Na darasa lote mnakuja."

Meli ya wake wanne ikatolewa kikapuni. Onsongo mwenyewe aliirudisha kwenye veranda, akaigeuza kwa upole iangalie juu, na njia nzima ya kurudi hakusema na mtu.

Mwalimu alikataa kitabu kitoke shuleni, kwa hiyo ilibidi Magwagwa ije Ekerenyo. Walikuja Mzee Otwori na mama Moraa. Baba mdogo alikuja na koti lake, vifungo vyote vimefungwa. Sisi tulikuwa nje, macho kwenye nyufa za ukuta. Mwalimu akaweka kitabu mezani, akafungua.

Mzee Otwori alitazama mara moja tu, akageuza uso ukutani kama aliyemwagiwa maji ya moto. Masikini, katika haraka yetu hatukuwa tumewaza! Ndani ya bwawa lile kulikuwa na wazee na wasichana pamoja, mapaja nje, mabega nje. Na kwetu kuna chinsoni, zile haya za heshima: mtu na mkwe wake hawatazami uchi pamoja, hata wa picha. Baba mdogo naye alikuwa ameshageukia ukuta wa pili. Wanaume wawili wakwe watarajiwa, kila mmoja anakagua udongo wake.

Mama Moraa ndiye aliyebaki na kitabu, kwa kuwa kazi ni kazi. Akapitisha kidole kwenye maji. "Bwawa lipo," akasema. Tukataka kushangilia, lakini hakuwa amemaliza. "Sasa niambie, Nyakundi. Na wewe uliingia humu? Ulioga na watu hawa wasio na haya?"

Nje tulisukumana kwenye nyufa. Akisema ndiyo, hana adabu, amemkosa mke. Akisema hapana, basi miaka yote ile alikuwa akijisifia nini?

Baba mdogo alizungumza na ukuta, taratibu. "Sikuoga, mama. Askari weusi tulilala chini kabisa, kwenye joto. Bwawa lilikuwa limekaushwa wakati wa vita. Mimi nilitumwa kulisugua. Nililisugua kwa brashi, nimepiga magoti, na kila siku nilijiambia nikifika nyumbani nitawasimulia watu kitu hiki. Walipouliza kama lilikuwa zuri nikasema zuri. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya nini ndani yake."

Nililia tena, safari hii bila sauti. Miaka yote tuliyomcheka, hakuwa amewahi kutuambia habari ya magoti.

Mzee Otwori, uso bado ukutani, akakohoa. "Mwongo hujipandisha," akasema. "Huyu amejishusha mwenyewe mbele ya watu. Mama Moraa, funga hicho kitabu, tuzungumze ng'ombe."

Wimbi lilivunwa, na Kwamboka akaja kwetu. Siku ya harusi moshi ulipoanza tu, darasa zima lilikuwa limepangwa mstari kando ya moto, Onsongo mbele, kila mmoja na jani lake la mgomba la kupokelea. Baba mdogo alipoambiwa ahadi yangu alicheka mpaka akaketi chini. Akatupa mbavu za upande mzima. Sijala nyama tamu kama ile tena, na msiniambie ni njaa ya utoto.

Tangu nipate mshahara wa kwanza nimekuwa nikikusanya vitabu vya meli. Nimevipata kimoja kimoja mjini Kisii, kwa wauzaji wanaotandaza mitumba ya vitabu juu ya magunia, na nachagua vile vile kama zamani: nahesabu mabomba kwanza. Nilitaka kulirudishia darasa langu meli yake. Nilipoipata hatimaye nilikuwa mwanamke mzima mwenye miwani, na sasa niliweza kusoma maelezo ya Kiingereza yaliyokuwa chini ya picha. Nilisoma mara mbili, kisha nikapanda gari kwenda kwa baba mdogo, wakati huo amezeeka, ameketi juani na mama mdogo Kwamboka akimmenyea ndizi.

Nikamsomea. Bomba la nne halikuwa likitoa moshi wa jiko lolote. Liliwekwa tu ili meli ionekane ina nguvu na kuwavutia abiria.

Baba mdogo akaanza kutikisika mabega. "Kumbe hata meli zilikuwa zinajisifu! Na mimi ndiye niliyeitwa mwongo!" Mama mdogo alicheka mpaka ndizi ikamponyoka. Tulikaa pale mpaka jioni, kila mara tukinyamaza mmoja anaanza tena. Baba mdogo hakukaa sana baada ya hapo, Mungu amrehemu.

Juzi nilimsimulia mjukuu wangu. Hata sijamaliza, ameshatoa simu, ameshaipata meli. "Ni kweli, nyanya, bomba la nne ni feki," akasema, akarudi kwenye mambo yake. Siku hizi ukweli unaufikia kwa kidole kimoja, na ukishaufikia huna wa kumpelekea. Enzi zetu tuliufuata kwa miguu, tukaubeba kichwani ndani ya kikapu cha wimbi, na ulipofika nyumbani ulimpa mtu mke, na darasa zima likala nyama.