Mudogo Wangu na Mbegu za Damu

Katika miaka ya vita, shangazi yangu alifika Kindu kwa miguu. Alitoka Tunda, akapita Kibombo, kisha akafuata reli, kwa sababu barabara ilikuwa na watu wenye bunduki na treni zilikuwa zimeacha kupita siku nyingi. Alikuwa mjane. Mume wake alikuwa Mwislamu na yeye akaifuata dini ya mume, kwa hiyo alifika kwetu akiwa amejifunga mtandio kichwani na kubeba mkeka wake wa kuswalia, sufuria moja na mchele kidogo ndani ya kitambaa. Baba yangu, mdogo wake, alikuwa fundi katika atelye, yaani karakana ya reli. Alimpokea mlangoni, akamtua mzigo na kumwambia, "Dada, hapa njo kwako," yaani hapa ndipo kwako.

Wiki mbili baadaye mudogo wangu akaanza kulia mifupa.

Mudogo wangu ni kitinda mimba wetu, na wakati huo alikuwa na miaka tisa. Tangu utotoni alikuwa mtoto wa kuugua: macho ya manjano, vidole vinavyovimba, maumivu ya miguu yanayokuja na kuondoka. Lakini safari hii maumivu hayakuondoka. Alilala ubavu, magoti yamekunjwa hadi kifuani, na mtu akipita karibu na kitanda analia hata kabla hajaguswa. Mama alimkanda kwa maji ya moto na kumpa uji wa mchele kijiko kwa kijiko.

Baba yetu mukubwa, yaani kaka mkubwa wa baba, ndiye aliyeita kikao. Jumapili moja baada ya misa tulikaa uani, katika lupango yetu, na aliongea akiwa amesimama.

"Mutoto alikuwa muzima," alisema. "Huyu mama amefika, mutoto ameanza kukauka. Damu yake inaenda wapi? Munataka nitaje?"

Kila mtu alielewa. Alikuwa anasema shangazi ni mchawi na kwamba anamla mtoto. Alitaka arudishwe Tunda kabla ya Jumapili nyingine. Kumrudisha kwa njia ile, wakati ule, kulikuwa sawa na kumzika. Shangazi hakujitetea. Alikaa akitazama mikono yake.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza masomo ya labo, yaani maabara, na kuanza kazi hospitali, msichana pekee katika chumba cha vipimo. Nilisema, "Baba mukubwa, munipe siku mbili. Damu ya mutoto haiendi popote. Iko inaharibika, na ninaweza kuwaonyesha."

Akacheka. "Damu inaonyeshwa?"

"Inaonyeshwa."

Umeme haukuwepo, na dawa nyingi za kupimia zilikuwa zimekwisha. Tulibaki na mikroskopi moja ya zamani, yenye kioo kidogo chini yake. Ukiigeuza vizuri kuelekea dirishani, jua linaingia kwenye kioo na kuangaza damu. Kipimo nilichokitaka hakidai dawa yoyote. Unachoma kidole, unaweka tone moja la damu juu ya kigae cha kioo, unalifunika kwa kigae kingine chembamba, kisha unaziba kingo kwa mafuta mazito ili hewa isiingie. Halafu unangoja hadi kesho yake. Chembe nyekundu za damu ya kawaida zinabaki duara. Zile zenye kasoro, zikikosa hewa, zinajikunja.

Nilichukua tone la mudogo wangu, la baba, la mama na la shangazi. Baba mukubwa alikataa kuchomwa kidole. Alisema yeye si mgonjwa.

Kesho yake saa nne, jua likiwa limepanda, nilikuwa nao wote labo. Nilimwita baba mukubwa kwanza. Aliinama juu ya mikroskopi akifumba jicho lisilotakiwa, mimi nikamrekebishia kioo.

"Unaona nini?"

"Naona vitu kama... kama sahani ndogo. Hapana. Vimekatika. Vina ncha."

"Hiyo ni damu ya mutoto. Zile za ncha hazipiti vizuri kwenye mishipa. Zinakwama, na pale zinapokwama njo anapolia. Tena hazidumu, zinakufa mapema. Ndiyo maana anakauka."

Nikabadilisha kigae. "Hii ni ya baba."

Alitazama muda mrefu. "Na hii ina ncha."

"Na ya mama vilevile. Wao hawaugui kwa sababu kila mmoja ana nusu tu ya kasoro hiyo. Mutoto alipokea nusu huku na nusu huku. Njo maana tunaiita SS, S moja ya baba, S moja ya mama. Alizaliwa nayo."

Kisha nikaweka kigae cha shangazi. Chembe zote zilikuwa duara. Baba mukubwa alitazama, akasogea pembeni. Shangazi aliomba naye aangalie, nami nikamrudishia kile cha mtoto. Akatazama, akanyanyua kichwa na kusema taratibu, "Ni kama mwezi mwandamo, unapoutafuta mwisho wa Ramadhani."

Hapo baba yangu akafanya jambo ambalo ninajivunia hadi leo kuliko cheti changu chochote. Yeye, mwanamume wa reli aliyezoea kuogopwa na vijana wa atelye, alisimama mbele ya kaka yake mkubwa na akasema, "Kaka, umesikia. Ugonjwa umetoka kwangu na kwa muke wangu. Mimi njo nilimupa mutoto. Dada yangu hana kitu. Kama kuna muntu wa kufukuzwa kwenye lupango ile, munifukuze mimi."

Mama alilia. Hakuna aliyefukuzwa.

Nilidhani yamekwisha. Siku chache baadaye malaria ikamshika mudogo wangu, na kwa mtoto wa SS malaria haina mzaha. Damu yake ilishuka ndani ya siku moja hata ulimi ukawa mweupe. Baba mukubwa ndiye aliyekuja na baiskeli. Alimweka mtoto nyuma, mama akamshikilia, na yeye akaisukuma kwa mkono hadi hospitali. Shangazi alitembea nyuma yao.

Mganga wa hospitali, daktari wetu, alisema mtoto anahitaji damu sasa hivi. Nilipima makundi. Damu yangu haikulingana na yake. Ya baba na mama sikutaka kuitumia maadamu palikuwa na nyingine, kwa kuwa nilikuwa nimeiona ikijikunja. Ya shangazi ililingana, na nilikuwa nimeshaiona mwenyewe kuwa safi. Niliipima pia magonjwa ambayo bado tulikuwa na vipimo vyake, kisha nikatoka nje, na nikaona aibu kumwomba. Nitamwambiaje mtu aliyetuhumiwa kunywa damu ya mtoto kwamba sasa atoe yake?

Sikuhitaji kusema. Aliniona mlangoni, akaanza kukunja mkono wa gauni lake.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, shangazi."

"Bismillahi. Twende, mwanangu."

Alilala kwenye kitanda cha labo, mimi nikamchoma mshipa, na mfuko ukajaa polepole. Jioni ile midomo ya mudogo wangu ilirudiwa na rangi. Aliomba ndizi. Baba mukubwa alikuwa nje ukutani. Nilipomwambia mtoto ameomba ndizi, alikwenda kuitafuta katika mji ambao sokoni hamkuwa na kitu, na akarudi nayo. Akampa shangazi aimenye. Hakuwahi kuomba msamaha kwa mdomo, na shangazi hakuwahi kuudai. Aliishi nasi hadi vita vikaisha, akafa kwa uzee miaka mingi baadaye, na kaburi lake baba mukubwa alilichimba pamoja na vijana.

Mudogo wangu alikua. Sisemi alipona. Aliishi akinywa maji mengi, akilala chini ya chandarua, akikwepa baridi ya mvua na kumeza vidonge vyake. Kuna miaka aliyolala hospitali zaidi kuliko nyumbani. Hata hivyo alimaliza shule na kuwa mwalimu, na darasa lake la mtaa wa Mikelenge likisoma kwa sauti linasikika hadi barabarani. Dawa ya kila siku inayopunguza maumivu ilipoanza kutufikia kwa ndege, alikuwa kati ya watu wazima wachache wa SS mjini walioanza kuitumia.

Mimi nimebaki labo. Sasa ninaiongoza. Niliitwa Kinshasa kwa mafunzo, na huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza, kwa maelezo kamili, habari za seli shina za damu. Nilirudi nikamweleza baba, ambaye sasa ni mzee wa pensheni na bado anaamka saa ya kazi. Nilimwambia kwamba ndani ya mifupa, katika uboho, kuna chembe chache zinazozaa damu yote ya mwili, kila siku, maisha yote. Sehemu nyingine za dunia waganga wanazitoa kwa mgonjwa, wanarekebisha kasoro ndani yake, wanasafisha uboho wa zamani kwa dawa kali, kisha wanamrudishia zile zilizorekebishwa. Na kama mgonjwa ana ndugu anayelingana naye, anaweza kupewa za ndugu.

Baba alifikiri. "Kwa hiyo hawatengenezi vago za treni moja moja."

"Hapana."

"Wanaingia kwenye atelye yenyewe."

"Ndiyo, baba."

"Hiyo ni kazi ya mafundi," akasema, na akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeivumbua.

Haikupita muda mrefu, timu ya watafiti ikafika Kindu. Walitafuta watu wa SS waliofika utu uzima bila huduma kubwa, wajue ni nini kiliwasaidia. Niliwapeleka kwa mudogo wangu. Kiongozi wao, daktari Mkongomani aliyezoea Lingala na Kifaransa, alimweleza kwa Kiswahili cha kutafuta maneno. Mtoto akiwa tumboni, alisema, anatumia damu ya aina nyingine, ambayo haijikunji. Akizaliwa, mwili unaizima polepole na kuwasha ile ya utu uzima. Watu wengine mwili wao hauizimi yote. Sasa watafiti wanajifunza kuingia katika seli shina na kuiwasha tena hiyo ya tumboni. Wangependa mirija michache ya damu yake.

Mudogo wangu alisoma karatasi ya ridhaa yote, mstari kwa mstari, kama anasahihisha daftari. Kisha akauliza, "Munganga, dawa ikipatikana, itafika Kindu lini?"

Daktari alijibu, "Mwalimu, sitakudanganya. Sijui."

"Asante kwa kusema kweli. Basi andika swali langu hapa chini, karibu na sahihi yangu. Na majibu ya damu yangu muyalete hapa, mutuambie kwa Kiswahili. Siyo kwa Kifaransa, siyo kwenye kompyuta zenu tu."

Daktari akaliandika. Mudogo wangu akaninyooshea mkono, mimi dada yake mkubwa, na kuniambia, "Yaya, unichome wewe." Nilimchoma mimi. Maisha yake yote nilikuwa nimemwona akipokea damu, na siku ile niliiona ikitoka kwake kwenda kufanya kazi. Nilijikaza hadi nilipomaliza kuandika namba kwenye mirija, halafu nikaingia stoo nikalia.

Walirudi. Ilipita zaidi ya mwaka, na wengi walikuwa wameshasema hawatarudi, lakini walirudi. Ukumbi wa parokia ulijaa Wakristo na Waislamu, akina mama wenye watoto migongoni, wafanyakazi wa reli, hata watu waliotoka mbali, kule Kalima. Niliwekwa mbele nitafsiri. Niliposema "seli shina," akina mama walinitazama tu. Mmoja akauliza, "Ni kama mbegu?" Nikasema ndiyo, ni mbegu za damu. Toka dakika ile ukumbi mzima ulizungumza juu ya mbegu za damu, na daktari mwenyewe akalichukua neno hilo na kulitumia.

Alieleza kwamba damu ya mudogo wangu imebakiza sehemu kubwa ya ile damu ya tumboni, na huenda ndiyo iliyomsaidia kufika hapa. Kuhusu swali la dawa kufika Kindu, hakuwa bado na mwaka wa kutaja. Tiba ya mbegu inahitaji vyumba na mashine ambazo hatuna, na ina hatari zake. Lakini walikuwa wamekuja na vipimo vya watoto wachanga, ili anayezaliwa na SS ajulikane mapema na alindwe kabla hajaanza kulia mifupa. Waliomba labo yangu ianze.

Tulianza Jumatatu iliyofuata katika chumba cha wazazi, wanapojifungulia. Tone moja kutoka kisigino cha mtoto. Siku majibu ya kwanza yalipotoka, nilimketisha mama mmoja kijana na kumwambia mwanawe ana SS. Aliushika mkono wangu kwa nguvu. "Atakufa?"

Mudogo wangu alikuwa amepita kunisalimu saa ya mapumziko, bado ana chaki vidoleni. Alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Mama, niangalie," alisema. "Mimi ni SS."

Yule mama kijana alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, polepole, bila haya. "Wewe? Na umezaa?"

"Wawili. Wa kwanza yuko sekondari."

Mama yule aliachia mkono wangu. Akamgeuza mtoto wake, akamlaza vizuri kwenye paja, na akaanza kuuliza maswali: maji kiasi gani, chandarua gani, homa ikipanda aje wapi. Mudogo wangu akamjibu moja moja, na mimi nikaenda kuchukua tone la mtoto mwingine.