Nyumba kwa Jina la Bisimwa

Mvua iliyobomoa kilima cha Kadutu ilimkuta Colombe sokoni, akiuza sambaza, dagaa wa ziwani. Alipofika juu, penye nyumba yake palibaki tope jekundu, na majirani wakichimba kwa majembe na masufuria. Watoto wake walikuwa hai. Jirani yake Asumini, mjane wa Kiislamu aliyezaliwa Uvira, aliwavuta nje kabla ukuta haujalala. Katika nyumba nyingine pale mtaani hakutoka mtu, na wengi hawakuchimbuliwa.

Serikali ikaahidi makao. Colombe na Asumini wakangoja kwenye mahema hadi mahema yakachanika, na kitinda mimba wa Colombe akashikwa na kikohozi kisichokwisha. Mwishowe nyumba zikajengwa kweli, kando ya barabara ya Walungu: mbao, mabati yanayong'aa, sakafu ya simenti. Colombe alikwenda kuziona kwa miguu. Alichungulia dirishani, akachagua mahali pa kuweka kitanda.

Siku ya kugawa, mtu wa serikali, Papa Polycarpe, alimwuliza, "Bwana yako iko wapi?"

"Iko Luhwindja, mu machimbo ya zahabu. Alienda huyu mutoto angali mu tumbo."

"Alikufa?"

"Hapana, papa. Hatumake hata pesa, lakini hakufa."

"Basi akuje. Nyumba tunapatia chef wa famille, ni kusema bwana. Kama ungekuwa mujane, tungekupatia sawa Maman Asumini."

"Ni mimi nalishaka hawa batoto, papa."

"Naelewa, maman. Lakini ni vile iko."

Hemani, Asumini alikuwa ameuficha ufunguo wake ndani ya kitenge, kana kwamba ameuiba. "Ungesema alikufa," alinong'ona. "Nani angeenda kuuliza Luhwindja?"

"Batoto walikuwa wananisikiliza," Colombe akajibu.

Akamtumia mumewe habari kupitia madereva wa malori. Bisimwa, ambaye hakuja hata mama yake mzazi alipozikwa, safari hii alifika kabla ya Jumapili, amevaa viatu vipya. Akatia sahihi, akapokea ufunguo mbele ya waandishi wa habari, akaishukuru serikali kwa kuikumbuka familia yake. Colombe alisimama nyuma yake akipiga makofi kama wengine. Jioni alimpikia. Moyoni alikuwa anahesabu kwamba huyu atarudi zake machimboni, nao watabaki na paa juu ya vichwa.

"Mubakie kwanza ku hema," Bisimwa alisema akinawa mikono. "Nitengeneze mulango, halafu nikuje kubachukua."

Hakuja. Colombe alipochoka kungoja alijitwisha godoro, akaenda na watoto. Mlango ulifunguliwa na msichana mwenye mimba kubwa.

"Unatafuta nani, maman?"

"Natafuta nyumba yangu."

Bisimwa akatokea nyuma ya msichana, kifua wazi. "Colombe, usinipigie kelele hapa. Nyumba iko mu jina yangu. Na Francine iko na mimba. Unataka nimutupe inje?"

Watoto walikuwa wakimtazama baba yao. Mkubwa hata alimwamkia. Colombe alilitua godoro, kisha akaliinua tena, kwa kuwa hakutaka kumwachia hata hilo.

Alikwenda kwa Papa Polycarpe. Yeye hakumfukuza, alimpa hata kiti. "Maman, hayo ni mambo ya ndoa. Siye tulimaliza kazi yetu. Famille yenu ilipata nyumba."

"Famille gani, papa?"

Polycarpe akamwita aliyefuata.

Asumini akawakaribisha kwake, safu ileile ya nyumba mpya, na kwa muda walibanana vizuri. Lakini kutwa watoto walikuwa mlangoni kwa baba yao, na Francine, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliwapa uji. Asubuhi moja Colombe alimwona kitinda mimba wake akilamba bakuli kwenye kile kizingiti. Akafunga mizigo siku ileile, akapanda Kadutu na watoto.

Alisimamisha miti palepale mlima ulipomeguka, akakandika udongo uleule. Asumini alikuja akilia, akamshika mkono. "Maman Colombe, mulima utaanguka tena."

"Najua."

"Na batoto?"

Colombe alichota udongo mwingine, akaubandika ukutani, akausawazisha kwa kiganja. Chini ya miguu yake, wale ambao hawakuchimbuliwa walikuwa bado wamelala.