Rimoti Iliyoachiwa Inchi Mbili

Fundi Shadli ameshona jebba, majoho mapana ya Kitunisia, kwa miaka arobaini na sita katika duka lake karibu na lango la zamani la Kairuani, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kumwambia mtu kuwa amenenepa. Mteja akija na tumbo jipya, Shadli humzungushia utepe, huandika namba kwenye kipande cha karatasi, humwachia inchi mbili kwenye mshono, kisha humwambia kwamba rangi ya krimu inampendeza. Mteja hutoka amefurahi. Tumbo nalo hutoka limefurahi.

Rimoti za ndege anazishughulikia vivyo hivyo.

Sisi watu kumi na wawili wa klabu hukutana Jumapili asubuhi kwenye uwanda wa chumvi nje ya mji, kila mmoja na ndege yake ndogo ya mbao nyepesi na rimoti yake yenye vijiti viwili na skrini. Rimoti mpya, ukiitoa kwenye boksi, haijui lolote. Haijui kijiti kikienda kulia kibawa kipi kiinuke, wala kiinuke kiasi gani, wala mota izimike vipi mawimbi yakikatika. Yote hayo lazima uiambie, ukurasa kwa ukurasa, na wengi wetu huchoka ukurasa wa tatu. Hapo ndipo tunapoibeba kwenda kwa Shadli. Yeye hagusi rimoti kwanza. Anakuketisha, anakuagizia chai, anakutazama mikono.

Rim, daktari wetu wa meno, ana mkono wa kuvuta, kazi imemzoesha; rimoti ikiachwa ilivyo, ndege yake ingesimama wima kila akishtuka. Shadli alimpunguzia usukani wa mkia na kumwambia kwamba amembadilishia mlio wa kengele. Tijani, mwenyekiti wa klabu, alikuwa mkuu wa stesheni ya reli hadi alipostaafu, na bado husukuma kijiti mpaka mwisho kama anabadilisha njia ya treni. Shadli alimfinyia mwisho huo, ili hata akisukuma kwa nguvu zote ndege igeuke kwa adabu. Tijani aliambiwa kwamba amerekebishiwa mwanga wa skrini. Tangu siku hiyo anaamini kwamba yeye ndiye rubani bora wa klabu, na hutushauri sana.

Kuna ukurasa mmoja ambao Shadli huufungua kwa kila mtu. Ni ukurasa wa kulainisha. Mstari ulionyooka kwenye skrini unaukunja kidogo, na kuanzia hapo kijiti kikisogea kidogo karibu na katikati, kibawa hakishtuki. Ukikisogeza mbali, kibawa kinafika palepale kilipokuwa kikifika. Kila mmoja wetu ana mkunjo wake. Rimoti ya Shadli peke yake ina mstari ulionyooka kama rula.

"Kulainisha ni kwa watoto na madaktari wa meno," husema.

Sasa mikono yake inatetemeka. Ilianza miaka miwili iliyopita, na yeye hajaambiwa na mtu. Kudarizi kifua cha jebba ameacha, kwa sababu ya macho, anasema. Macho hayohayo humwona mtu anayemdai jebba ya harusi tangu akiwa kule msikitini. Sindano ameishika mkewe, Bi Munjia. Kahawa huagiza nusu kikombe, kwa sababu ya presha.

Lakini ndege haina presha wala macho. Vuli iliyopita ilipita juu yetu ikitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, ikazunguka mara moja, ikashuka juu ya chupa ya chai ya Tijani. Chupa ilikuwa ya chuma na ilitoka stesheni. Wiki iliyofuata kukawa na sheria mpya: aliyepita miaka sabini atajaribiwa kila mwanzo wa mwaka. Ataruka peke yake, atachora nane angani, atatua kati ya mistari miwili ya chokaa. Akishindwa, atafungwa waya unaounganisha rimoti yake na ya mtu mwingine, na huyo mwingine ataweza kumnyang'anya ndege wakati wowote kwa swichi moja. Waya huo sisi tunauita kitovu. Waliopita sabini katika klabu ni mmoja.

"Mkinifunga kitovu nauza ndege," Shadli alisema bila kupandisha sauti. "Jumapili nitakaa nyumbani."

Bi Munjia alichukua maneno hayo kama tishio dhidi yake.

Alhamisi kabla ya jaribio nilikuwa dukani nimesimama juu ya kistuli, suruali imejaa pini hadi gotini, Bi Munjia alipomtuma mumewe kununua makrudh, vile vitafunio vya tende, kwa ajili ya mgeni. Mgeni alikuwa Rim, aliyekuja moja kwa moja toka kliniki na bado ananuka karafuu.

"Haya, binti yangu," Bi Munjia akasema mume alipokata kona. "Rimoti iko pale, nyuma ya nyuzi za kijani. Mshonee."

"Mama, akijua je?"

"Nyinyi alipowashonea mlijua?"

Rim akaiwasha rimoti, akapekua kurasa kwa kidole gumba mpaka akaufikia ule mstari ulionyooka. "Naweka arobaini kwenye mia. Kidogo tu. Hatasikia."

"Ndivyo ulivyoniambia mwaka jana kuhusu ile sindano ya fizi," nikasema. "Niliisikia wiki nzima."

"Wewe simama wima, utachomwa pini."

Aliandika arobaini, akazima, akairudisha nyuma ya nyuzi. Shadli aliporudi na makrudh akatukuta watu watatu tunazungumzia bei ya mafuta ya zeituni kwa bidii ambayo haikustahili.

Jumapili upepo ulikuwa mdogo. Tijani alifika na filimbi, daftari na chupa mpya. Bi Munjia, ambaye hajawahi kukanyaga uwanda ule, alikuja na kiti chake, akakiweka karibu na mistari kuliko inavyoruhusiwa, akaanza kudarizi.

"Dada, hapo ni hatari," Tijani akamwambia.

"Nimeolewa naye miaka arobaini na minne," akajibu. "Hatari naijua."

Shadli aliweka ndege chini, akawasha rimoti, akaanza ukaguzi wake kama kila Jumapili: kijiti kushoto, kulia, juu, chini, macho kwenye vibawa. Safari hii hakuhitaji kusogeza kijiti. Alikiwekea kidole gumba tu, na vibawa vikaanza kugonga taka-taka-taka kama meno ya mtu aliyetolewa kwenye maji baridi.

Tukasikia wote. Rim akawa mwekundu.

Shadli akaondoa kidole. Vibawa vikanyamaza. Akakirudisha, vikaanza tena. Akafungua kurasa, akafika kwenye ule ukurasa, akaitazama skrini. Mstari wake ulionyooka ulikuwa umekunjwa, lakini umekunjwa upande usiofaa, mgongo juu, tumbo chini.

"Nani amenishonea suruali ya kubana?" akauliza.

Bi Munjia akavuta uzi mrefu.

"Mimi, ami," Rim akasema. "Nilitaka kulainisha."

"Umenoa. Yako ni rimoti mpya, ukijumlisha inalainika. Hii ya zamani unatakiwa kutoa. Hukuona alama?"

"Nilikuwa na haraka. Ulikuwa umekwenda kwenye makrudh."

"Ahaa. Nilijiuliza kwa nini ghafla nyumbani kwangu mgeni anaheshimiwa."

Tijani akasogea na daftari. "Ngoja kwanza. Fundi anataka kulainishiwa siku ya jaribio? Mtu ajaribiwe kwa mkono wake, si kwa mkono wa rimoti. Hapo sioni haki."

"Ami Tijani," Rim akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, "tufungue na ya kwako basi, tuone mkono wako uko wapi."

"Yangu? Fungueni. Yangu iko wazi."

Rim alikuwa ameshanyoosha mkono Shadli alipouzuia, taratibu, kwa mkono wake unaotetemeka.

"Acha. Nguo ya mteja haifunguliwi barabarani."

"Ami, lakini yeye..."

"Nimesema acha, daktari."

Ingemfaa Shadli sana kama tungeifungua ya Tijani. Kila mmoja pale aliyewahi kunywa chai dukani kwake alilijua hilo. Tijani alisimama na rimoti yake kifuani, akaitazama skrini yenye mwanga mzuri, akamtazama Shadli, akaitazama tena, polepole, kama mtu anayehesabu mabehewa na kupata idadi isiyolingana na karatasi. Kisha akafunga daftari.

"Sheria haikutaja kulainisha," akasema.

Shadli akarudi kwenye skrini yake. Angeweza kuunyoosha ule mkunjo kwa kubonyeza mara moja. Badala yake akabadilisha alama, na mstari ukageuka, ukalala karibu na katikati kama ulivyolala wa kila mmoja wetu.

"Ulimwachia ngapi?" akamuuliza Rim.

"Arobaini."

"Weka arobaini na tano. Mteja huyu nimemwona akinywa kahawa."

Bi Munjia hakuinua macho, lakini sindano yake ilisimama.

Alipowekea kijiti kidole, vibawa vilitulia. Ndege ikakimbia juu ya chumvi, ikainuka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili ikapita juu yetu bila kutetemeka hata kidogo. Nane yake ilikuwa pana, imekaa vizuri mabegani. Rim aliacha kutafuna kucha. Ikashuka, ikagusa mstari wa kwanza, ikaruka, ikagusa tena, ikaenda, ikaenda, ikasimama pua ikiwa ndani ya mistari na mkia juu ya chokaa.

Tijani akaiendea, akainama, mikono nyuma.

"Mkia uko kwenye mstari."

"Na kichwa?" Bi Munjia akauliza toka kwenye kiti chake. "Wewe ndege unaipimia mkia?"

"Nauliza tu, dada."

"Stesheni kwako," Shadli akasema, "treni ikisimama, behewa la mwisho likabaki nje ya jukwaa, ulikuwa unasema imefika au haijafika?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na Tijani alilipatia muda wake. Miaka thelathini na minane ya kazi ilipita usoni mwake.

"Imefika," akasema, akapiga filimbi.

Kitovu kikabaki kwenye boksi. Bi Munjia alikunja kiti, akasema kwamba mchezo wenyewe ni wa kuchosha, na akauliza tunaanza saa ngapi Jumapili ijayo.

Jumanne nilikwenda kuchukua suruali yangu. Nikamkuta Tijani amesimama kaunta, rimoti yake imefungwa kwenye mfuko wa mkate, akitazama mlangoni kila anayepita.

"Fundi," alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "ule mwanga wa skrini. Uliurekebisha kiasi gani?"

Shadli alikuwa anameza nusu kikombe chake. "Kidogo. Inchi mbili."

"Na ukiurudisha ulivyokuwa?"

"Naurudisha sasa hivi ukitaka. Toa kwenye mfuko."

Tijani hakuitoa. Aliukunja mdomo wa mfuko, akaukunja tena.

"Iache," akasema. "Imenikaa."

"Na rangi inakupendeza," Shadli akamwambia.