Kaa la Moto la Kupeleka Uingereza

Juzi nikipita kijiji cha Didia nilimwona msichana akitoka kwa jirani na kaa la moto kwenye kigae, nikamkumbuka mjomba wangu, mchochea makaa wa meli aliyehamia Uingereza.

Nilipokuwa mtoto alikuja kutusalimu, na alasiri ya kuondoka kwake bibi alimkatalia. "Nchi ambayo moto unauzwa! Unarudi kufanya nini?"

Mjomba alicheka. "Mama, baridi ya kwanza nilibisha kwa jirani na kigae, niombe kaa. Kumbe kila nyumba ina kisanduku cha gesi ukutani, usipotia senti moto hauwaki. Yule jirani, mama mzee, akaja kwangu, akatia senti yake mwenyewe kwenye kisanduku changu."

Bibi alifunga karanga kwenye kitambaa. "Mpelekee. Huyo ni mtu."

Mimi nilidhani yule mama alibaki bila moto. Nilikimbilia jikoni, nikaweka kaa kwenye kigae, nikalifunika kwa samadi kavu iliyoanza kufuka, lisizimike.

"Mjomba, mrudishie moto wake."

Leo najua lilizimika kabla hajafika stesheni ya treni. Lakini mjomba hakucheka. Alilipokea kwa mikono miwili, akatembea polepole akilikinga na upepo, mpaka mtama ukamficha, ikabaki harufu ya moshi.